Kilele cha Saa Saba na Dakika Ishirini na Nne

Tangazo lilibandikwa Jumanne asubuhi kwenye ubao ulio mkabala na chumba cha walinzi, mahali ambapo kila anayeingia chuoni hana budi kupita. Lilikuwa na mistari sita tu. Lilisema kwamba mpigachapa wa ofisi ya mitihani amesimamishwa kazi kuanzia siku hiyo, tarehe kumi na sita, kwa kuvujisha mtihani kupitia mtandao wa chuo. Chini ya mistari hiyo waliweka grafu ya rangi: mstari wa buluu uliolala chini siku nzima, halafu ghafla kilele chekundu kilichopanda hadi karibu na ukingo wa karatasi. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: Alhamisi tarehe nne, saa saba na dakika ishirini na nne mchana.

Bi Swichi alifika pale akiwa na ngazi begani na koleo mfukoni, akielekea jengo la maktaba kubadilisha waya uliotafunwa na panya. Alisoma tangazo mara ya kwanza, akadhani macho yamemdanganya. Akateremsha ngazi, akavaa miwani, akasoma mara ya pili.

"Nani kabandika hii?" alimuuliza mlinzi.

"Mimi, mama. Nimeambiwa bandika, nimebandika. Hata gundi nimeazima."

"Wamemwandika kabla hata hawajauliza. Na grafu yenyewe haisemi wanachodhani inasema."

Mlinzi aliitazama ile grafu, akamtazama yeye, akaamua kwamba kufungua geti ni kazi rahisi zaidi.

Mpigachapa mwenyewe aliitwa Mama Pacha na chuo kizima. Alikuwa mwanamke mtaratibu, wa kusalimia kila mtu mpaka wafagiaji, na barua zake hazikuwa na kosa hata la mkato. Bi Swichi hakuwa ndugu yake wala rafiki wa kutembeleana. Walijuana kikazi tu, kwa miaka tisa. Lakini damu ilimchemka kwa sababu kilele kile chekundu alikijua. Alijua kilivyotokea. Alikuwa ameandika barua tatu kuonya kwamba siku moja kitamponza mtu.

Hapo inafaa kusema Bi Swichi alikuwa nani. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mfupi, mwenye mikono ya fundi na ulimi usiojua kuzunguka. Alianza kazi chuoni hapo akiwa na miaka ishirini, kwenye chumba cha simu, enzi za swichibodi ya nyaya na matundu. Kazi yake ilikuwa kuunganisha simu na kuandika kwenye daftari: nani kampigia nani, saa ngapi wameanza, saa ngapi wamemaliza. Waliyosema hayakuwa yake. Msimamizi wa wakati ule, mzee mkali wa kukunja uso, alimfundisha mambo mawili. Simu ikikaa kimya, ingia uliza kama wapo. Kama hawapo, chomoa, andika mwisho. Na simu ikiwa ndefu sana usisubiri iishe ndipo uandike. Andika kila baada ya dakika chache, maana ukingoja utasahau, na ukisahau daftari lako litasema uongo kwa mwandiko mzuri.

Swichibodi ilipotupwa, wenzake wote walipunguzwa. Yeye alijifundisha kompyuta kwa kusoma vitabu vya wanafunzi vilivyosahauliwa madarasani, akaingia kitengo cha mtandao kama mvuta waya, akapanda mpaka akawa fundi mkuu. Jina la Bi Swichi lilimfuata kutoka chumba cha simu, likamfaa na huku pia.

Na kazi, alikuwa akisema, ni ile ile. Ruta kubwa iliyo kwenye lango la mtandao wa chuo nayo huweka daftari. Haisomi barua za watu. Huandika tu kompyuta gani imezungumza na ipi, kuanzia lini hadi lini, na mzigo kiasi gani umepita. Mazungumzo yakiisha, au yakikaa kimya sekunde kumi na tano, ruta huufunga mstari wake na kuutuma kwenye seva ya kumbukumbu. Mazungumzo marefu yana kikomo chao: muda ukifika, ruta hutuma ilichoandika mpaka hapo, kisha huanza mstari mpya, na mazungumzo yenyewe yanaendelea bila kukatika. Kikomo hicho mwenye mamlaka hukipanga anavyotaka. Bi Swichi alitaka kiwe dakika moja. Meneja wa kitengo alikipanga dakika sitini.

Kwa hiyo mtu akituma kitu kizito kwa dakika hamsini, seva haikusikia chochote kwa dakika hamsini. Halafu mstari mmoja ulifika ukiwa na mzigo wote. Na programu ya kuchora grafu, kwa uvivu wake, haikujali mazungumzo yalianza lini. Ilitazama mstari umefika lini, ikaumwaga mzigo wote kwenye dakika hiyo moja. Ndivyo vilele vyekundu vilivyozaliwa.

Barua zake tatu zote zilijibiwa kwa maneno mawili: diski itajaa. Diski hiyo, kila fundi alijua, nusu yake ilikuwa imejaa picha za semina alizohudhuria Meneja.

Aliiacha ngazi pale pale ubaoni, akaenda ofisini kwa Meneja bila kubisha hodi mara mbili.

"Shikamoo, mama," Meneja alisema. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, nadhifu, mwenye tabia ya kunyoosha vitu mezani wakati anaongea.

"Marahaba. Grafu ya ubaoni umeichora wewe?"

"Kamati ya uchunguzi iliomba grafu, nikawapa grafu."

"Uliwaambia kikomo ni dakika sitini?"

"Hawakuuliza."

"Hawakuuliza kwa sababu hawajui kama kuna cha kuuliza! Wewe unajua. Kile kilele si saa ya kutuma. Ni saa ya mstari kufika. Huyo mama unamtoa kafara kwa sababu umeona uvivu kufungua mdomo?"

Meneja alinyoosha kalamu, akanyoosha na karatasi. "Mama, mambo ya kamati yana wenyewe. Halafu hata tukitaka kurudi nyuma, kumbukumbu ghafi zinajifuta zikifika siku kumi na nne. Hizo za tarehe nne zinafutika Alhamisi. Keshokutwa kila kitu kitakuwa kimetulia. Tuache tu."

Baadaye Bi Swichi alimwambia mumewe kwamba angeweza kuvumilia mtu asiyejua, na hata mwoga angemvumilia, lakini lile neno "kimetulia" lilimwingia kama mwiba chini ya ukucha. Kimetulia kwa nani? Kwa mwanamke aliyeandikwa mwizi getini?

Alitoka, akaenda chumba cha seva. Utaratibu ulisema hakuna kunakili kumbukumbu ghafi, yaani mistari ya ruta kama ilivyofika, bila sahihi ya Meneja. Aliujua, maana aliuandika yeye. Akakaa, akanakili kumbukumbu zote za siku ile ya tarehe nne, kisha akafungua daftari la chumba na kuandika jina lake, saa, na alichochukua. Hakutaka mtu aje aseme ameiba. Palipohitaji sahihi ya idhini aliandika: haijatolewa.

Mstari wenyewe haukumchukua dakika kumi kuupata. Kompyuta ya ofisi ya mitihani. Mwanzo: saa sita na dakika thelathini na moja. Mwisho: saa saba na dakika ishirini na nne. Mzigo: gigabaiti nne, zote zikienda kwenye tovuti moja ya kupandishia video. Bi Swichi aliangua kicheko kisicho na furaha. Gigabaiti nne! Mtihani wa kurasa nane! Hata ungeupiga picha mtihani ule kila ukurasa mara mia, usingefika huko.

Alasiri ile alikwenda nyumbani kwa Mama Pacha, vyumba viwili nyuma ya saluni ya nywele. Alimkuta amekaa kitandani na nguo za kazini bado mwilini, kama mtu aliyetarajia kuitwa arudi. Mapacha wake wa miaka minne walikuwa sakafuni wakigombania kifuniko cha sufuria. Mmoja alikuwa na kovu jipya kidevuni.

"Jirani yangu amepita hapo hajanisalimu," Mama Pacha alisema. "Mwanawe anasoma pale chuoni. Ameshaona ubao."

"Alhamisi ile ulikuwa wapi mchana?"

"Nilimpeleka huyu zahanati kutolewa nyuzi. Nilitoka saa tano na nusu, nikafunga mlango. Nimerudi saa saba na dakika kumi. Nimewaambia kamati. Wakasema barabara, ulirudi saa saba na dakika kumi, ukatuma saa saba na dakika ishirini na nne. Nikakosa la kusema, dada. Grafu ilikuwa mezani, nyekundu. Nilianza hata kujiuliza kama nimebonyeza kitu bila kujua."

"Kompyuta uliikutaje?"

"Nzito. Nikiandika neno, herufi zinakuja moja moja. Nilipiga simu kitengo chenu kulalamika. Haikupokewa."

Bi Swichi alifumba macho kidogo. Simu ya kitengo ilikuwa mezani kwa Meneja. "Kadi ya zahanati unayo?"

Kadi ilikuwepo, na muhuri wake, na saa iliyoandikwa na muuguzi: saa sita na dakika arobaini. Wakati huo Mama Pacha alikuwa amemshika mwanawe kichwa ili nyuzi zitolewe, na kompyuta yake ilikuwa imeshatuma kwa dakika tisa.

"Kwa hiyo nani alikuwa ofisini kwangu?" aliuliza.

"Sijui. Na hilo si kazi yangu. Kazi yangu ni kwamba si wewe."

Jumatano Bi Swichi alikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Mkuu wa Chuo tangu saa mbili asubuhi, faili mapajani. Katibu muhtasi alimwambia Mkuu ana wageni. Akasema atasubiri. Akaambiwa Mkuu ana kikao. Akasema na kikao kitakwisha. Saa nane Mkuu alitoka mwenyewe, mwanamama mrefu mwenye sauti ya chini, akamkuta bado yupo.

"Wewe huna waya wa kuvuta leo?"

"Ninao mkuu, lakini huu wa leo umepita shingoni mwa mtu."

Akapewa dakika kumi mbele ya kamati, Alhamisi saa nne.

Kamati ilikuwa ya watu watano. Aliyetangulia kusema siku ile, kama siku zote, alikuwa Mwalimu wa Takwimu, ambaye pia ndiye katibu wa mitihani. Alikuwa mtu wa heshima, mwenye mvi zilizochanwa vizuri, na wanafunzi wake walimpenda. Yeye ndiye aliyewasomea wenzake ile grafu wiki iliyopita. Maneno yake yalishaenea chuoni: takwimu hazina huruma wala chuki.

"Karibu, Bi Swichi," alisema. "Lakini tusirudie yaliyokwisha kuamuliwa."

"Sirudii, mwalimu. Nina hesabu moja tu, na naomba uifanye wewe, maana mimi nikiifanya mtasema nimeipika." Akamgeukia Meneja aliyekaa kwenye kona. "Laini yetu ya kutoka nje, ikiwa tupu kabisa na ikifanya kazi kwa nguvu zote, inapitisha kiasi gani kwa dakika moja?"

Meneja alitaja kwa sauti ndogo: megabaiti mia saba na hamsini.

"Na kilele chenu kinasema dakika moja imepitisha gigabaiti nne, yaani megabaiti elfu nne. Mwalimu, gawanya."

Mwalimu wa Takwimu aliinuka kwa uzoefu wa miaka thelathini, akachukua kalamu ya ubao, akaandika, akagawanya. Mkono ukasita kabla ya kupiga mstari wa jibu.

"Laini haifikii hata moja ya tano ya mzigo huo," alisema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo haiwezekani."

"Haiwezekani!" Bi Swichi alisema, na sauti ikampanda, hakuizuia. "Kitu kisichowezekana mmekipiga rangi mkakibandika getini chini ya jina la kazi ya mtu! Wiki nzima mmekaa watu watano na vyeti vyenu, mmoja akifundisha namba, na mwendesha mitambo yupo pembeni yenu, na hamkuuliza kama bomba linaweza kutoa maji hayo!"

"Taratibu," Mkuu wa Chuo alisema, lakini hakumkatiza.

Bi Swichi alishusha pumzi. Akawapa kila mmoja karatasi yenye mstari ule mmoja, akaeleza kikomo cha dakika sitini, akaonyesha mwanzo na mwisho, akaweka kadi ya zahanati juu yake. Akawasomea mzigo ulikoenda. "Tovuti ya video. Aliyetuma alianza saa sita na dakika thelathini na moja, akaiacha ijiendeshe nyuma ya madirisha mengine. Mama Pacha alirudi akaketi mbele ya kitu asichokiona, akashangaa kwa nini kompyuta imekuwa nzito."

Mkuu wa Chuo aliivua miwani yake. "Ofisi ile ina funguo mbili," alisema polepole. "Moja anayo mpigachapa. Nyingine..."

Mwalimu wa Takwimu alikuwa bado amesimama ubaoni. Kalamu ilikuwa wazi mkononi, imemchora wino kidole. "Ni mimi," alisema. "Ilikuwa video ya harusi ya mpwa wangu. Kompyuta ya ofisini kwangu ilikuwa mbovu. Niliianzisha, nikaenda kula, kisha nikaenda darasani."

"Na hukukumbuka?" Mkuu aliuliza.

"Grafu ilisema saa saba na dakika ishirini na nne. Saa hiyo nilikuwa nafundisha. Sikuunganisha. Naapa sikuunganisha."

Bi Swichi alimtazama usoni, akamwamini. Na kumwamini huko kukamuudhi kuliko kama angemkuta mwongo. Mwongo angekuwa amefanya kazi ya kudanganya. Huyu hakuwa amefanya kazi yoyote. Alijipima kwa saa ya grafu akajikuta hayumo, akampima mwenzake kwa saa hiyo hiyo akamkuta yumo, akafunga kesi.

Kikomo kilibadilishwa siku ile ile. Mkuu wa Chuo aliamuru, na Bi Swichi ndiye aliyekaa mbele ya ruta na kuandika dakika moja palipokuwa na sitini, Meneja akiwa amesimama nyuma yake. Sekunde kumi na tano za ukimya aliziacha kama zilivyokuwa. Programu ya grafu akaipanga isome mwanzo na mwisho wa kila mstari. Picha za semina zikahamishwa, diski ikapumua.

Ungesema mambo yaliishia vizuri. Hayakuishia vizuri.

Barua ya kumrudisha Mama Pacha kazini ilitoka baada ya siku sita, na ilisema amerudishwa "kwa kukosekana ushahidi wa kutosha." Bi Swichi alirudi kwenye lile benchi. "Ushahidi haukukosekana," alimwambia Mkuu wa Chuo. "Ushahidi upo, umejaa, na unasema hakufanya. Mkiandika hivyo, mnaiambia dunia nzima kwamba alifanya ila mlishindwa kumkamata." Walibishana nusu saa. Barua ikaandikwa upya. Tangazo la kumsafisha nalo likabandikwa, karatasi ndogo ya nusu ukurasa, bila grafu, pembeni kabisa mwa ubao karibu na ratiba ya usafi. Lilikaa siku moja. Mlinzi alisema upepo umeling'oa.

Mtihani, ilikuja kujulikana, ulivuja kwa njia ya kawaida kabisa: nakala zilizoharibika kwenye mashine ya kurudufu zilitupwa kapuni bila kuchanwa, na mtu akaziokota. Hakuna aliyesimamishwa kwa hilo. Mwalimu wa Takwimu aliandikiwa onyo la mdomo, kitu ambacho Bi Swichi hakuwahi kuelewa kinaandikwaje. Onyo la karatasi, lenye muhuri na namba ya kumbukumbu, alipewa yeye, kwa kunakili kumbukumbu ghafi bila idhini.

Alilipeleka nyumbani, akampa mumewe asome. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache.

"Si kweli?" aliuliza alipomaliza.

"Ni kweli kila herufi."

"Sasa unatetemeka nini?"

"Kwa sababu hii ndiyo karatasi pekee waliyoiandika kwa usahihi!"

Mama Pacha alirudi kazini Jumatatu. Walimu walimkaribisha kwa vicheko vya juu juu, na Mwalimu wa Takwimu alimfuata ofisini kuomba radhi, akiwa na mfuko wa matunda. Alimjibu kwa adabu, akayapokea matunda, akayagawa kwa wafagiaji. Alipiga chapa barua zote zilizokuwa zimerundikana, hata mkato mmoja haukukosewa. Ijumaa yake akaiweka barua yake mwenyewe juu ya lile rundo: anaacha kazi, amepata nafasi kwenye ofisi ya mawakili mjini.

Bi Swichi alimkuta getini na sanduku dogo la vitu vyake.

"Dada, nilikupigania ubaki," alimwambia, na uchungu wake haukujificha.

"Najua. Na nashukuru mpaka kufa. Lakini kila nikipita kwenye ule ubao naangalia kama nipo." Mama Pacha alibadilisha sanduku mkono. "Siwezi kufanya kazi mahali ambapo kila asubuhi naangalia kama nipo."

Bi Swichi alimsaidia kulibeba sanduku mpaka barabarani, akamsimamishia gari, akarudi ndani kwa hatua nzito, akiwa amekasirika upya kama siku ya kwanza. Katika jengo la utawala alikutana na Meneja aliyemwambia kwa upole kwamba sasa mambo yanakwenda sawa, grafu ni nzuri, kamati imeridhika.

"Kamati gani?" alisema. "Aliyekuwa anatakiwa kuridhika ameondoka sasa hivi." Akampita, akaenda kuvuta waya.